Slivu ya Silinda ya Tatu

Kwanza ulikuwa mlio. Haukuwa wa kupasuka. Ulikuwa mlio wa sufuria iliyoangukia ndani ya sufuria nyingine, halafu injini ikanyamaza na magurudumu ya nyuma yakakataa kuzunguka. Tulikuwa tunateremka kutoka Wusi, barabara ya marram imelowa kwa ukungu, kabichi zimejaa nyuma kupita mbao, na jirani yangu amekaa juu ya kabichi kama bibi harusi. Alikuwa ananiambia kupitia kidirisha cha nyuma kwamba tukifika Voi nimnunulie mandazi, kwa sababu yeye ndiye aliyefunga magunia na mimi nilikuwa napiga domo tu. Niligeuza shingo nimjibu. Mpaka leo sijamjibu.

Mume wangu alikuwa kwenye usukani. Akakanyaga klachi. Hapo magurudumu yakaachiliwa, na gari lililokuwa linaburuzika likaanza kukimbia. Gari zee namna ile halishikwi na breki kwenye mteremko, linashikwa na gia ya pili, na gia ya pili bila injini ni mkono mtupu. Akapiga breki, akapiga tena, akapaza sauti, "Shika!" Nikashika mlango, na mlango ndio ulionivunja nyonga. Mkaratusi ulitusimamisha kwenye kona. Kabichi hazikusimama. Nilizisikia zikidunda tuta kwa tuta kwenye makonde ya watu chini, moja moja, kama watu wanaobisha hodi, na nikiwa pale nimebanwa nikajua kwamba si zote zilikuwa kabichi.

Hilo ndilo baya kuliko yote na nimelimaliza. Sasa nataka kuzungumza kuhusu chuma.

Pikapu lenyewe lilikuwa la Kiingereza, zee kuliko mimi. Babake mume wangu alilinunua kutoka shamba la mkonge walipokuwa wanauza vitu vyao chakavu. Wageni waliokuja kutazama ndovu walikuwa wakisimama Voi kulipiga picha. Mmoja aliniambia kwamba kwao gari kama hilo linawekwa ndani ya nyumba na kufunikwa shuka. Nikamwambia kwetu linabeba kabichi, na shuka nafunika watoto.

Likaanza kutoa moshi wa buluu. Likawa linakula oili kuliko petroli. Kupanda Wusi ilibidi abiria washuke, na jirani yangu alikuwa anatembea kando ya dirisha akitusalimia kwa heshima, "Hamjambo nyinyi wenye gari?" huku anatupita.

Mume wangu akasema ni ringi za pistoni. Kaka yake mkubwa, shemeji yangu, akasema si ringi, bloki yenyewe imekwisha, na kwamba yeye ana fundi wake Voi mwenye mashine ya kuchonga, mtu wa kanisani, mtu wa kuaminika. Shemeji akisema jambo kwetu limesemwa. Injini ikafunguliwa, bloki ikapelekwa Voi.

Nieleze kama nilivyoelewa mimi, maana niliacha shule darasa la nne na mambo haya sikuyasoma popote. Ndani ya bloki kuna mashimo manne, na ndani ya kila shimo kuna pistoni inayopanda na kushuka. Miaka ikienda, pistoni inalila shimo mpaka linakuwa si duara tena, linakuwa kama kinu cha nyanya yangu kilichotwangiwa upande mmoja. Bloki ya gari lile haipatikani tena. Basi fundi analichonga shimo liwe kubwa zaidi, halafu anavalisha bomba jipya la chuma humo ndani. Bomba hilo ndilo slivu. Pistoni sasa inatembea ndani ya slivu.

Ni kiraka, kwa ufupi. Lakini kiraka kisichoshonwa. Hakina skrubu, hakina gundi, hakichomelewi. Hilo ndilo lililonishika akili siku ile. Nilikuwa nimeteremka na sukuma wiki zangu za sokoni, zimekwisha mapema, nikaenda kwa fundi kumsubiri mume wangu. Nikakaa juu ya kreti ya soda, nikatazama.

"Mama, umekuja kuposa mashine?" fundi akaniuliza.

"Nimekuja kuona gari langu linavyotahiriwa," nikamjibu, na watu waliokuwa pale wakacheka mpaka yeye mwenyewe akacheka. Alikuwa mtu wa mzaha. Siwezi kusema alikuwa na roho mbaya wakati ule.

"Na hilo bomba litashikwa na nini?"

"Litashikwa na shimo."

"Na shimo likiwa kubwa?"

"Shimo haliwezi kuwa kubwa, mama. Mimi ndiye ninayelichonga."

Akanionyesha. Slivu ni nene kidogo kuliko shimo, unene wa nywele tu, ndiyo maana inabana. Na chini kabisa ya shimo huchongi mpaka mwisho, unabakiza ukingo mwembamba, kizingiti, ili slivu isimame juu yake isiteremke. Nilitia kidole kwenye shimo la kwanza nikakipapasa kizingiti chenyewe. Kilikuwa chembamba kama ukucha.

"Na sasa," akasema, "kama unataka kazi, nenda ukaninunulie barafu."

Nilidhani ananitania. Kumbe kweli. Nikaenda duka la mama mmoja wa Kiislamu karibu na soko, ambaye huuza barafu za watoto na samaki wa kutoka pwani.

"Barafu yote hii mchana huu, mwanangu? Una mgonjwa wa homa?"

"Ni ya kuvalisha chuma, mama."

"Subhanallah! Siku hizi chuma nacho chaugua?" Akanifungia ndani ya gunia, akanionya nisipite juani.

Njia nzima nilikuwa najiuliza. Nilipofika nikaona slivu zinalazwa kwenye barafu kama samaki, na ndipo nikaelewa, tena nikaelewa kwa sababu ya bilauri. Nyumbani bilauri mbili zikishikana, huzivuti. Unatia maji baridi ndani ya ile ya juu, unaichovya ya chini kwenye maji moto, zinaachana zenyewe. Kitu baridi hunywea, kitu cha moto hutanuka. Basi slivu inanywea kwa baridi, inaingia, halafu ikipata joto la Voi inatanuka na kuuma shimo kwa nguvu zote. Nilifurahi kama mtoto. Nilimwambia fundi habari ya bilauri akasema, "Sasa mama huyu ataniharibia biashara."

Lakini nimeruka jambo. Kabla ya barafu kulikuwa na stima, umeme wetu ule wa kupotea.

Mashimo yalichongwa moja baada ya jingine. La kwanza likaisha, la pili likaisha. Katikati ya la tatu stima ikapotea. Jambo la kawaida. Mashine ikazubaa, kisu chake kimebaki ndani ya shimo, kimeuma chuma. Fundi akafuta mikono, akakaa, akaagiza chai na chapati. Hakuzima swichi. Pale Voi hakuna anayezima. Kinyozi hazimi redio yake, mwenye posho mill hazimi kinu chake, kwa sababu hiyo ndiyo kengele yetu: kikiunguruma, ujue stima imerudi. Hata mimi nyumbani taa naiacha hivyo hivyo.

Basi stima ikarudi. Mashine ikaamka yenyewe na yowe ambalo sijasikia chuma kingine kikilipiga, na fundi akaruka na chapati mdomoni, chai ikamwagika, akaipiga swichi. Watu wakacheka. Mimi nilicheka pia, alivyoruka ungedhani ameona nyoka. Halafu akachukua tochi akainama juu ya shimo la tatu. Akakaa ameinama. Akatia kidole, akazungusha, akatia tena. Nikamwona anapiga mluzi bila sauti.

"Kuna nini?" akauliza mume wangu, aliyekuwa ameshafika.

"Hakuna. Limekunjwa kidogo. Nitalinyoosha."

Akamaliza shimo la tatu, akachonga la nne, na hapo ndipo aliponituma barafu.

Slivu ya kwanza ilipoingia ililia. Aliikandamiza kwa presi, nayo ikalia kwa sauti nyembamba, kama mlango wa kanisa. Ya pili ikalia. Ya tatu aliishika kwa mkono mmoja, akaiachilia juu ya shimo, nayo ikateremka polepole yenyewe mpaka ikakaa. Kimya. Ya nne ikalia kuliko zote.

"Mbona hiyo ya tatu haikulia?" nikauliza.

"Hiyo imekubali," akasema fundi.

Mume wangu akacheka. "Mama watoto anataka chuma kilie kama mama wa bibi harusi."

Fundi akatuambia kazi iliyobaki ni ya kusugua na kusafisha, tuje kesho. Tulipokuja kesho zote nne zilikuwa zimekaa sawa, zinang'aa, na shemeji yangu alikuwa pale anampongeza fundi kwa kumpigapiga mgongo.

Gari likatembea. Lazima niseme hivyo. Tulikwenda nalo Mboghoni kubeba ndizi, barabara ndefu ya joto, nalo halikutoa moshi. Tulikwenda Kishushe, ambako mume wa jirani yangu anaendesha trekta kwenye ranchi, barabara ile ya mawe inayoachanisha meno, nalo likafika. Ila asubuhi likiwa baridi kulikuwa na kitu kinagonga. Tik, tik, tik. Likipata joto kinanyamaza. Mimi ndiye niliyekisikia kwanza.

"Linaongea tu," mume wangu akasema. "Gari zee lina maneno."

Nikamwambia shemeji. Shemeji akamuuliza fundi wake, fundi akasema pistoni mpya zinazoeana na nyumba mpya. Basi tukaziacha zizoeane.

Jirani yangu alizikwa mimi nikiwa hospitali. Mume wangu alikuwa kitanda cha upande wa wanaume, kichwa kimefungwa. Mkaguzi wa magari akaenda kule kwenye mkaratusi, akafungua kifuniko cha redieta, akakuta pakavu, akaandika: dereva aliendesha bila maji, injini ikachemka, ikashika. Redieta ilikuwa imekumbatia mti! Bomba lake la chini lilikuwa limening'inia kama utumbo. Ingebaki vipi na maji? Lakini mkaguzi hakuinama. Alitazama juu, akaandika, akaenda zake.

Wakamuuliza mume wangu, "Asubuhi ile ulifungua kifuniko ukatazama maji?"

Akasema, "Sikumbuki."

Na kweli hakumbuki. Kipigo cha kichwa kilimfutia asubuhi yote. Mimi ninakumbuka. Alitia maji kijitoni kabla hatujaanza kuteremka, kwa mtungi wa njano wa jirani yangu mwenyewe, na jirani yangu akasema, "Hii gari yenu inakunywa kuliko ng'ombe wangu, na maziwa haitoi." Niliwaambia hivyo. Wakaniangalia kwa huruma. Mke atasema nini tena?

Hivyo ndivyo mume wangu alivyokuwa mwuaji. Hakuna aliyemwita hivyo, alijiita mwenyewe. Alipopona alichukua jembe akaenda kulima konde la mjane wa kiume, mume wa jirani yangu, bila kuombwa. Akapalilia maharagwe yake. Akachimba matuta yake. Na yule bwana akirudi kutoka Kishushe anamkuta anachimba, anapita bila salamu, anaingia ndani. Mume wangu anarudi nyumbani, hali, anakaa. Ufunguo wa gari alimpa shemeji. Kuendesha aliacha, hata baiskeli. Nikimwambia habari ya maji ya kijitoni anasema, "Unanipenda, mama watoto. Hayo ni ya kunipenda."

Mimi nilikuwa na magongo mawili na kazi moja, kuosha vyombo nikiwa nimekaa. Siku moja bilauri zikashikana. Nikatia maji baridi ndani, nikachovya chini kwenye moto, zikaachana. Na zilipoachana nikamkumbuka fundi, barafu, na ule ukimya. Nikajiuliza swali ambalo lilinitoa usingizini: slivu iliyoingia bila kubanwa imeshikwa na nini?

Nikaanza kufikiri nalo kila mahali. Nilitia bomba la baiskeli ndani ya bomba jingine, nikazitikisa. Nilitazama jinsi kinu kinavyotembea sakafuni mtu akitwanga, kidogo kidogo, mpaka kimefika mlangoni. Pistoni inapanda na kushuka mara ngapi kutoka Voi mpaka Mboghoni? Kama slivu haijabanwa vizuri, si itatembea kama kinu? Na asubuhi, bloki ikiwa baridi, si ndipo inagonga? Nilikuwa na maswali mengi kuliko majibu na nilikuwa na furaha ya ajabu, furaha mbaya, ya mtu anayefuata nyayo.

Sasa, kwetu Udawida, huku milimani, mtu hakai na hasira. Hasira ya moyoni, hata kama huisemi, inaumiza watu wa nyumba, watoto, ng'ombe. Dawa yake ni kutasa. Unachukua maji mdomoni, unayapuliza nje mbele ya watu, unasema maneno ya heri, na hasira imetoka nayo. Ukishatasa umemaliza. Ukiendelea kununa baada ya hapo, wewe sasa ndiye mwenye ubaya. Tunakwenda kanisani wote, lakini kutasa kupo, tunakufanya baada ya mchungaji kunywa chai yake na kwenda.

Shemeji yangu akapanga siku. Jumapili baada ya ibada. Mume wangu atasema, "Ni mimi," ataomba msamaha, mjane atapuliza maji, mimi nitapuliza maji, kwisha. Akamtuma mjane mwenyewe aje kuniambia.

Alikuja, akasimama mlangoni, hakukaa. Akaeleza. Nikamwambia, "Nitakuja. Lakini kwanza nisaidie kufungua hedi, kile kifuniko cha juu cha injini."

Akanitazama. Injini ilikuwa nyuma ya nyumba, ndani ya gari lililobondeka, chini ya turubai.

"Dada," akasema, "unajua kwamba mimi ndiye niliyefiwa?"

"Ndiyo maana nataka spana uishike wewe. Nikiishika mimi watasema ya mke tena."

Halafu akavua koti. Mtu wa trekta, hawezi kupita kando ya injini bila kutaka kujua. Labda ndivyo tulivyofanana.

Alifungua, akanyanyua hedi, akaigeuza. Akachukua ubao ulionyooka akaulaza juu yake, akatazama mwanga chini ya ubao. Hakukuwa na mwanga. "Haikupinda," akasema, zaidi kwa nafsi yake. Akatazama gasketi iliyokaa kati ya hedi na bloki. "Haikuungua." Injini iliyochemka mpaka ikashika, aliniambia, huacha alama kila mahali, pistoni zote zinakwaruzwa. Akatazama silinda ya kwanza, ya pili, ya nne. Zilikuwa kama kioo. Ningeweza kuchania nywele humo.

Kwenye silinda ya tatu slivu haikuwepo mahali pake. Mdomo wake ulikuwa umezama chini, na kule chini ilikuwa imevunjika, imekutana na kranki, kile chuma kinachozungushwa na pistoni, ikaibana kama mfupa kwenye koo. Huo ndio mlio wa sufuria.

Akaing'oa bloki garini kwa mnyororo, akatoa kranki na pistoni, tukaigeuza. Tulipapasa kwa chini: kizingiti kipo kwenye mashimo mengine matatu. Kwenye la tatu upande mmoja hakipo, umelika kabisa, na chuma pale kina mchirizi mrefu wa kisu. Nilipouona mchirizi ule nililisikia tena lile yowe la mashine, nikaona chai inavyomwagika. Akachukua gogo akaigonga slivu ya kwanza kwa chini aone kama itatoka. Akagonga mpaka akatoa jasho. Haikusogea. Akaigonga ya tatu, kilichobaki chake, mara moja kwa upole, ikatoka ikamwangukia mguuni.

Tukaigeuza. Mgongoni ilikuwa na madoti. Madoti mengi, ya ncha ya chuma, imedonolewa mwili mzima kama mtu aliyeugua tetekuwanga, ili kila doti liinue ngozi ya chuma kidogo na slivu ionekane nene. Madoti ya upande mmoja yalikuwa yamesagika yakang'aa. Na kati ya slivu na shimo kulikuwa na kipande cha bati, chembamba, kimekatwa kwa mkasi. Nikakifuta kwa kanga. Kilikuwa na rangi. Kilikuwa nusu ya mnazi uliochorwa, ule wa kwenye kopo la mafuta ya kupikia.

Yule bwana alikaa chini, kwenye udongo, na suruali yake ya kanisani. Akakishika kile kibati muda mrefu.

"Ameikazia kwa kopo," akasema. "Mke wangu alikuwa amekalia kopo."

Nikaifunika slivu kwa kanga.

"Na mimi nimekuwa nikimwacha achimbe," akasema. "Nimekuwa nikipita nikimwona anachimba."

Tulikwenda Voi kesho yake, yeye, mimi na magongo yangu, na slivu ndani ya kikapu. Fundi alitukaribisha vizuri mpaka alipoona kilichomo.

"Hiyo si slivu yangu."

"Ya nani?" nikauliza.

"Slivu haina jina, mama. Gari lilichemka. Likichemka slivu hushuka."

"Mbona tatu hazikushuka? Zilikuwa na maji yao peke yao?"

Mtu mmoja akacheka. Fundi hakucheka. Nikamwambia, "Mimi sikuja kupigana. Nataka kujua tu. Stima iliporudi ile siku, shimo lililika kiasi gani? Ulipima? Ulipoona limekuwa kubwa, ulifikiri nini? Ungetuambia tutafute slivu nene zaidi, tungetafuta. Ungetuambia bloki imeharibika, tungelia, tungerudi nyumbani. Kwa nini kopo?"

Akanitazama, na naapa kwamba mdomo ulifunguka. Kulikuwa na kitu kinakuja. Halafu akanyoosha mkono akawasha mashine. Hakukuwa na chuma ndani yake. Iliunguruma tupu, nasi tukasimama mbele yake tunatikisika, mpaka yule bwana akanishika bega tukaondoka.

Nikampelekea mume wangu. Nikamwekea slivu mapajani, nikamwekea kibati juu. Aliigeuza. Mikono ya dereva inajua chuma, niliona vidole vinasoma madoti yale. Macho yalibadilika. Kwa muda mfupi nilimwona yule wa zamani. Halafu akasema, "Labda nilichemsha kidogo. Labda slivu ingejishikilia kama nisingechemsha."

"Baba watoto, gasketi haikuungua."

"Chuma hakisemi," akasema. "Mtu aseme. Fundi akisema ni yeye, nitaamini. Wewe unanipenda, na huyu bwana ananihurumia."

Na shemeji yangu? Nilimwonyesha pia. Aliitazama kwa mbali, kama mtu anayetazama kinyesi. Akasema fundi ni mwenzake katika kamati ya kanisa, ana watoto, na yaliyopita yamepita, na Jumapili ni kutasa, nisiharibu. "Hasira, shemeji, inaua mara ya pili." Anajua kusema. Sikumwuliza alichokuwa anampongezea fundi siku ile. Namwuliza hapa.

Jumapili ikafika. Tukakaa uani. Bakuli la maji likawekwa katikati. Mume wangu akasimama, kofia mkononi, akafungua mdomo aseme "Ni mimi," na yule bwana aliyefiwa akainuka, akamshika mkono, akamwambia, "Kaa chini, ndugu yangu. Kesho usije kulima." Akakaa. Lakini alikuwa anatazama lango, mume wangu. Mpaka leo akisikia pikipiki anatazama lango. Anasubiri mtu mmoja aje aseme.

Bakuli likanifikia mimi. Nikapiga funda, nikayaweka mdomoni. Wote wananitazama. Yalikuwa baridi na nilikuwa na maneno ya heri tayari, nilikuwa nimeyapanga. Yakanishinda. Nikayameza.

Shemeji akashika kichwa. Mama mmoja akasema Mungu anihurumie. Kwa hiyo hasira bado ninayo, imo tumboni pamoja na maji, na wote wanajua, na kuku wangu wakifa watasema ni mimi. Sawa.

Mkaguzi, wewe uliyetazama redieta ukaondoka: ungeinama tu. Shemeji, wewe uliyesema ni mtu wa kuaminika: mlete. Na wewe fundi, bloki iko nyuma ya nyumba yangu, haijaguswa tena tangu tulipoifungua, mashimo matatu yana kizingiti na moja halina. Slivu iko juu ya kabati la vyombo kando ya bilauri. Hatukutaki ulipe kitu. Njoo ukae kwenye kigoda mbele ya mume wangu na mbele ya huyu bwana, uzime kila mashine, utuambie kwa mdomo wako. Nilikuuliza mbona ya tatu haikulia, ukaniambia imekubali. Ilikubali nini? Njoo ujibu.